Rangi ya Brita kwa Ajili ya Dansi

Aprili ilikuwa inakwisha, na theluji bado imelala kwenye kivuli cha nyumba. Joleen Haugen alirudi kutoka kazi yake ya kuendesha basi la shule. Alitia viazi na nyama ya kusaga kwenye oveni. Binti yake Brita, mwenye miaka kumi na saba, alishuka ngazi akiwa na gauni lake la dansi ya shule.

"Mama, nitazame. Gauni jeupe, mikono myeupe. Hata haijulikani gauni linaishia wapi."

Joleen alicheka. "Miezi sita ndani ya makoti, ulitaka uweje? Twende dukani, kwenye vile vitanda vya taa vinavyotia ngozi rangi. Mara tatu tu, utapendeza."

Joleen alikuwa mteja wa duka lile tangu ujana wake. Kila baridi ilipoanza kulegea, alilala ndani ya kitanda chenye taa kali, akatoka na rangi ya kahawia. Kwake ilikuwa kazi ya msimu, kama kubadilisha matairi ya theluji.

Lakini dukani msichana wa mapokezi alitikisa kichwa. "Hajafika miaka kumi na minane. Sheria ya jimbo inakataza."

"Mimi ni mama yake. Lete karatasi nitie saini."

"Hata ukitia saini kumi, mama. Kitanda kinadhuru ngozi yake. Labda tumpulizie rangi ya ngozi kwa bomba."

Joleen alichanganyikiwa. Yeye amelala kitandani miaka na miaka, mbona hakukatazwa? Na rangi ya kupuliza si ndiyo ya magari? Walirudi mikono mitupu. Dansi ilikuwa Jumamosi, na Brita alinuna njia nzima.

Jirani yao Marlys, muuguzi wa kliniki ya ngozi, alikuwa uani akivunja barafu ya mlangoni. Joleen alimwendea.

"Marlys, hebu nifumbue macho. Kitanda kibaya, rangi ya bomba nzuri? Sielewi mbele wala nyuma."

"Taa za kitanda zinatoa miale kama ya jua kali," alisema Marlys. "Ngozi ikigeuka rangi, ujue imeumia. Ukirudia kila mwaka, madhara yanalundikana. Mwisho wake unaweza kuwa saratani ya ngozi. Na anayeanza mapema yumo hatarini zaidi."

"Basi mimi je? Sijawahi kuumwa."

"Saratani haipigi hodi, shoga. Kitanda hakimfai hata bibi wa miaka themanini. Sheria imewalinda watoto. Wakubwa imewaachia akili zao."

Maneno hayo yalimchoma Joleen.

"Na kupuliziwa?" Brita aliuliza.

"Kule hakuna miale. Dawa inatia rangi ngozi ya juu tu, ile iliyokwisha kufa. Baada ya wiki hivi inatoka. Ila fumba macho, ziba pua, paka mafuta midomoni, usivute ule mvuke. Na usioge mpaka kesho yake."

Alhamisi Brita alipuliziwa. Ijumaa baada ya shule jua lilitoka, joto likafika nyuzi kumi na tano. Katika mji ule, nyuzi kumi na tano mwezi wa Aprili ni kiangazi. Watu walitoka na kaptura. Brita alioga, akatandika taulo kwenye baraza, hatua mbili kutoka kwenye theluji, akalala mgongo wazi. Joleen alifurahi kumwona. Mtoto ana rangi tayari, jua litamfanya nini? Akampelekea maji ya limau.

"Joleen," Marlys aliita kutoka ng'ambo ya ua, "mbona hujampa losheni ya jua?"

"Ya nini? Si ngozi imeshazoea?"

"Haijazoea kitu. Ile ni rangi tu. Ukichora koti mgongoni, Januari litakupa joto?"

Joleen alishika kichwa. "Ngoja. Kitanda kinatia rangi na kinadhuru. Bomba linatia rangi na halikingi. Sasa kinachokinga ni nini?"

"Losheni, kofia na kivuli. Rangi haikingi, iwe ya bomba au ya kitanda."

Joleen aliinama. Chini ya ile rangi ya kahawia, bega la Brita lilikuwa limeanza kuwa jekundu. Moyo ulimpasuka. Yeye mwenyewe ndiye aliyemletea kinywaji ili aendelee kulala pale. Alimwingiza ndani na kumfunika.

Jumamosi Brita alicheza dansi mpaka viatu vikamshinda. Jumatatu Joleen alipiga simu dukani. Aliomba jina lake lifutwe kwenye orodha ya wateja wa vitanda. Kisha Marlys akamtafutia nafasi kliniki, na Brita akamsindikiza.

Daktari alimkagua kutoka utosini hadi nyayoni. Hakuona la kutisha. Alipima alama moja ya mgongoni, akamwambia arudi kila mwaka.

"Vitanda vya taa ulianza ukiwa na umri gani?"

"Kumi na sita. Mama alinipeleka, kwa ajili ya dansi." Sauti ya Joleen ilitetemeka. "Hakujua, daktari. Alitaka nipendeze."

Daktari aliandika. "Na binti yako ameingia mara ngapi?"

Joleen alimtazama Brita, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha.

"Hata mara moja," alisema, na safari hii sauti haikutetemeka.