Kitunga ya Muyisa

"Mama, zima ile disque!"

"Nizime? Jina yako iko inaimbwa mpaka kule Léo, na unasema nizime?"

Jokébed akaongeza sauti, mabega yanacheza. Muyisa, mupiga gitare wa Beni, alirudi toka Léo, muji mukubwa wa inchi, na disque kubwa ya nyimbo kumi, na zote kumi alimuimbia Orpa, binti yake Jokébed. Aliituma Butembo ndani ya kitunga, pamoja na pick-up, mashini ya mapile ya kupigia disque. Majirani walijaa mu kiwanja, wanacheza.

"Sikia maneno, mama. Wimbo ya tatu. 'Mwenye atakushika mukono, udongo itamushika yeye.' Ile ni mapendo?"

"Ni wimbo tu! Na Ananie wako, monsieur l'enseignant, alikuimbia nini? Table ya multiplication?"

Orpa hakucheka. Ananie, mwalimu mwenye alimuposa, alikuwa ameisha kuleta mbuzi sita. Zilibaki sita, ndoa ifanyike.

Basi Jokébed akakosea hapo. Aliona haya kurudisha tupu kitunga ya mutu. Akaijaza maharagwe, akaipandisha mu lori, iende Beni. Na kwetu, kitunga ya mwenye kuposa ikirudi imejaa, ni kusema: karibu, ingia.

Lori ikarudi na barua:

"Mama mukwe, nimeona maharagwe. Orpa ni wangu sasa. Kama hapana mimi, hapana mutu."

Jokébed aliificha chini ya kitanda. "Itamupita," alijiambia. Orpa hakuambiwa kitu.

Mwaka ule, 1964, waasi wakaingia Butembo. Haikupita wiki mbili wakamufunga Ananie. Pale sokoni, kamanda akawasomea watu barua isiyokuwa na jina: huyu mwalimu anaandikia jeshi la serikali. Mwishoni: "Udongo imushike."

Jokébed akatambua maneno ya wimbo. Alikimbia nyumbani, akabeba pick-up juu ya kichwa, disque ndani ya kitambaa ya kikwembe, mbio mpaka kwa kamanda.

"Papa kamanda, sikia wimbo ya tatu tu! Huyu mwenye kuimba ndiye aliandika ile barua. Ni wivu, haiko politike!"

Sindano ikashuka. Waasi wakasogea karibu. Halafu mumoja akaanza kutingisha kiuno. Kamanda alisikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Kumbe ni mambo ya mwanamuke! Lakini, maman, umechelewa. Tulimumaliza saa ile ile. Disque iache hapa. Iko muzuri."

Siku ya tatu Muyisa akafika, shati nyeupe, kitunga ile ile mukononi, imejaa samaki ya Kyavinyonge, kule ziwani.

"Orpa, mapendo yako ilinikula akili. Sioni mwengine, silali, sikuli. Nilikuandikia nyimbo kumi!"

"Na ya kumi na moja uliandikia kamanda."

Muyisa akamunyooshea kitunga. Orpa alipokea kitunga, akamwaga samaki mu vumbi mbele ya majirani wote, wale wale waliocheza. Akamurudishia kitunga tupu.

"Enda."

Muyisa akaenda. Jokébed alinyoosha mukono amushike binti yake. Orpa akarudi nyuma.

"Ungefanya hivi tu, mama. Siku ya kwanza."

Bamama wenzangu, mutoto akikuambia zima, zima.