Kichwa cha Jumamosi

Jumamosi, tarehe nane Juni, mji mdogo wa Nakaloke uliamka na manyunyu. Ukungu uliufunika mlima Wanale, na barabara ya kwenda Mbale ilikuwa matope matupu. Shangazi Zulaika alikuwa ameshaswali na kufunga vitunguu vyake vya kupeleka sokoni. Akamwita Juwairiya, binti wa marehemu kaka yake, aje kubeba.

Juwairiya hakutoka. Alikuwa amelala kitandani, kanga usoni. Mistari ya kumetameta, yenye meno kama msumeno, ilikuwa imepita machoni mwake. Kisha upande mmoja wa kichwa ukaanza kupwita, na sasa hata mwanga wa mlangoni ulimchoma.

"Shangazi, kichwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Kichwa tena?" Shangazi alitoka nje hadi uani, ambako majirani walikuwa wakichambua maharage. "Njooni mwone maajabu! Kichwa cha mtoto huyu kinaijua siku ya soko. Wiki nzima kizima. Jumamosi kinaamka kabla ya jogoo!"

Wanawake wakacheka. Wanyama, aliyesoma darasa moja na Juwairiya, akadakia, "Na mimi nakitaka kichwa kama hicho, nisiende kuchota maji."

"Ukikipata, nitakitibu kwa mwiko," mama yake, Nafuna, akamjibu.

Shangazi hakucheka tena. "Mimi nimechoka. Jana nilimpigia mama yake simu, na sasa yuko njiani kutoka Jinja. Amchukue. Nafasi yake shuleni apewe mtoto asiye mvivu."

Maneno hayo yalimuuma Juwairiya kuliko kichwa. Baba yake alipofariki, ni Shangazi aliyemtafutia nafasi ile, na shule aliipenda. Tena kulikuwa na jambo alilolijua yeye peke yake.

Kila Ijumaa, Bogere, dereva wa teksi, alimletea kifurushi kutoka kwa mama yake. Mama alikwenda Masese, wanakotua wavuvi, alfajiri kuchagua sangara mnono, akamtia chumvi, akamfungia chunguni wiki nyingi mpaka harufu ikawafikia majirani. Ndivyo walivyofanya bibi zake. Shangazi hakuiweza harufu ile, kwa hiyo Juwairiya alimla samaki peke yake Ijumaa usiku. Asubuhi, kichwa. Bogere asipokuja, kichwa hakikuuma. Lakini angemwambiaje mama kwamba zawadi yake inamuumiza? Aliona heri aitwe mvivu.

Mama alifika adhuhuri, kifurushi mkononi. Alimgusa mwanawe paji la uso, akamwombea dua kimyakimya, kisha akasema, "Wifi, twende kwanza hospitali. Mengine baadaye."

"Twende," Shangazi akajibu. "Nataka nisikie daktari atasema nini."

Mjini Mbale walipokewa na Daktari Ooko, mtu mpole. Alimpima Juwairiya macho na shingo, akamuuliza kuhusu ile mistari, kisha akauliza, "Jana usiku ulikula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

Juwairiya akaitazama mikono ya mama yake iliyopasuka kwa chumvi. Machozi yakamtoka. "Na samaki wako, Mama. Nisamehe. Nikimla, kesho yake naumwa. Nisipomla, siumwi."

"Mwanangu! Na ukaendelea kumla?"

"Unaamka alfajiri kwa ajili yangu, Mama."

Mama akamkumbatia. Shangazi akainamisha uso.

"Huu ni ugonjwa wa kipandauso," daktari akasema. "Si uvivu. Protini ya samaki imejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Kimojawapo ni tairosini, ambayo ubongo huitumia kutengeneza kemikali za kupeleka habari. Samaki akiwekwa muda mrefu, vijidudu huigeuza tairosini kuwa tairamini. Kwa baadhi ya watu, tairamini ikizidi inavuruga kemikali za ubongo, na kichwa kinauma hivi. Wataalamu bado wanaichunguza."

"Mbona mimi nimemla tangu utotoni na siumwi?" Mama akauliza.

"Ubongo wa watu haufanani, mama. Hukukosea. Mletee samaki mbichi, tuone. Ale kwa wakati, alale vya kutosha, na anywe dawa mara tu maumivu yanapoanza."

Juwairiya hakurudi Jinja. Bogere alianza kuleta samaki mbichi, na Jumamosi zikapita salama. Kichwa kilirudi mara moja tu, wiki ya mitihani, aliposoma bila kula. Siku hiyo Shangazi mwenyewe alifunga dirisha, akaleta maji na dawa, akawafukuza kuku uani wasimpigie kelele.

Jumamosi iliyofuata, Juwairiya alitoka na kapu la vitunguu kichwani. "Leo kichwa kimekubali kazi!" Wanyama akapiga kelele, lakini akamshikia kapu upande mmoja. Shangazi akawasimamisha mbele ya majirani walewale.

"Nilimcheka mtoto huyu mbele yenu," alisema, "basi nasema mbele yenu. Maumivu yasiyoonekana nayo ni maumivu. Na wewe, Juwairiya, usifiche ukweli hata kwa sababu ya mapenzi. Ulimficha mama yako, naye akaendelea kukutumia kinachokuumiza bila kujua."

"Nimesikia, Shangazi."

Shangazi akamwekea mkono begani. "Nami naahidi, Mungu akiwa shahidi pamoja nanyi: mtoto yeyote wa nyumba yangu akiniambia anaumwa, nitamuuliza kwanza, 'Wapi, mwanangu?' Kazi itangoja."