Kitanda cha Nne Hakikupoa

Shuka lilikuwa limetoka kufuliwa, lakini katikati lilikuwa na joto. Nesi aliyeitwa Chuma alilitandika kwenye kitanda cha nne, akapitisha kiganja kulinyoosha, akakuta pamelaliwa. Mgonjwa wake, mwalimu mstaafu, alikuwa bado bafuni akiogeshwa. Chuma akasema ni jua, ingawa upande ule wa wodi haujaonja jua tangu ujengwe.

Jina la Chuma alipewa na wenzake, wakidhani wanamsifu. Wodi ile ni ya wasiopona. Kazi ni kutuliza maumivu, kulowesha midomo na kushika mikono. Nayo ilikuwa na desturi yake: mtu akifa, kitanda hupumzishwa saa nzima. Godoro hugeuzwa, dirisha hufunguliwa, na nesi aliyemuuguza hukaa kwenye kigoda, mikono mitupu. Alie asilie, shauri yake, lakini akae.

Wiki moja nyuma, mama yake Chuma alifia kwenye kitanda hicho. Chuma hakukaa. Alimfumba macho, akamvua pete, akatandika, na dakika kumi hazijaisha akamlaza mwalimu aliyekuwa akingoja koridoni. Watu wakasema, huyo ndiye nesi! Watu nao. Jeraha likikosa damu hudhani limepona.

Baada ya joto ikaja harufu: mafuta ya mkaratusi, yale mama aliyojipaka kifuani. Kisha sauti. Ko, ko, ko, pete ikigonga chuma cha kitanda, kama mama alivyoomba maji siku sauti ilipomwishia. Pete ilikuwa mfukoni mwa Chuma. Mwalimu alikuwa amepooza mikono yote miwili.

"Nakuja," Chuma alijibu kwa mazoea, na hakushtuka hata kidogo. Hilo lilipaswa kumshtua.

Daktari alimwambia binti wa mwalimu kwamba baba hafiki adhuhuri. Kweli, pumzi ilikatika, binti akaanza kulia, na hapo ko, ko, ko, kifua cha mzee kikanyanyuka kama kimevutwa na kamba, macho yakafunguka yakiomba kuachwa, pumzi ikarudi ikikwaruza kooni, ikakatika, ikagongewa, ikarudi, mara nne mchana ule ule, na kila iliporudi harufu ya mkaratusi ilizidi hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakavuta shuka puani.

"Nesi," binti alinong'ona, "nani anamzuia baba yangu?"

Jibu lilikuwa kwa mpiga deki wa wodi, ajuza waliyemwita Bi Dekio, aliyemvuta Chuma mkono hadi stoo ya ndoo.

"Uliitikia?"

"Niliitikia, bibi. Si mama?"

"Mama yako gani? Mama yako kaenda zake, tena bila kuagwa. Hilo ni jini. Limekuta kigoda kitupu, likakaa wewe ulipotakiwa kukaa. Na halimwachii mzee wa watu, maana akifa kitanda kitapumzishwa, nalo litafukuzwa."

"Sasa nifanyeje?"

"Ukakae. Umlilie mama yako. Na likigonga, usilipatie maji. Ukilipatia, umeolewa nalo."

"Machozi sina, bibi."

"Yatafute! Ungekuwa umepoteza funguo ungetafuta."

Wakarudi wodini, wakafungua dirisha. Chuma akakaa kwenye kigoda, mikono mitupu, macho makavu kama kokwa. Ko, ko, ko. Hakunyanyuka.

"Mama," alisema kama anasoma faili, "ulikuwa na kiu. Niliona ukigonga. Nilikuwa naandika dawa za kitanda cha pili. Nilipofika ulikuwa umekwisha. Niliogopa kukaa."

Kugonga kukakoma. Shuka likapoa chini ya kiganja chake. Mwalimu akashusha pumzi moja ndefu, ya mwisho, na binti yake akalia hadi akatosheka.

"Umelia?" Bi Dekio aliuliza.

"Nimesema."

"Sikukuuliza kusema."

Jioni Chuma alifungua chumba chake. Kitanda alikuwa amekitandika alfajiri. Akapitisha kiganja juu ya shuka. Katikati palikuwa na joto. Harufu ikamfikia. Ko, ko, ko, kwenye ubao wa kichwani.

Akajaza kikombe maji, akakiweka upande wa ukutani, akalala pembezoni ili asibane mtu. Usingizi ukamchukua mara moja.

Asubuhi kikombe kilikuwa kitupu. Akakijaza tena, akaenda kazini.