Pilau Iliyorudi Jikoni

"Binti, nimepiga kujua tu kama wageni wamefika salama," sauti ya ustadhi ilisema kwenye simu. "Na mbuzi, mlimpata mtu wa kumchinja?"

Mwiko ulibaki hewani mkononi mwa Winfrida.

"Si wewe uliyekuja kuchinja alfajiri, ustadhi?"

"Sikuja. Pikipiki ilinizimikia njiani, nikampigia baba yako mdogo kwamba nitachelewa nusu saa. Akaniambia nisijisumbue, mtu ameshapatikana."

"Mtu gani?"

"Hakunitajia, binti."

Sebuleni, hapo kwao Katubuka, wageni saba kutoka Ujiji walikuwa wameshakaa mkekani wakisubiri chakula. Walikuja kumposa yeye. Hamdani, fundi wa injini za boti pale Kibirizi, alikuwa amesubiri siku hii miaka miwili, na miaka yote hiyo Mzee Anatoli, baba yake Winfrida, katekista mstaafu, alikuwa anajibu neno moja tu: hapana. Mwezi uliopita ndipo alipolegea. "Waje niwasikilize," alisema, na hakuongeza kitu.

Winfrida alitoka kwenda uani. Baba yake mdogo, Gervasi, alikuwa ameketi juu ya gogo, redio sikioni.

"Baba mdogo, mbuzi kachinjwa na nani?"

Gervasi hakugeuka. "Na mimi."

"Wewe?"

"Kwani mkono wangu una nini? Mbuzi wa ukoo huu nawachinja mimi tangu hujazaliwa. Leo ndani ya nyumba ya kaka yangu nimekuwa mchafu?"

"Lakini unajua hawali!"

"Watakula. Nyama haisemi. Wakijua, watakuwa wamejua kwa mdomo wako."

Honorata, mama yake Winfrida, alikuwa mlangoni na sahani mikononi. Alikuwa amesikia yote.

"Mama, ulijua?"

"Mungu ni shahidi yangu, sikujua." Akashusha sauti. "Mwanangu, ukisema, posa imekufa. Hawa hawatarudi, na baba yako hatawaita tena."

"Na nisiposema?"

Mama yake alizitazama zile sahani.

Winfrida alitoa simu, akamwandikia Hamdani: "Msile. Mbuzi hakuchinjwa na Muislamu. Nisamehe."

Jibu la Hamdani lilikuja papo hapo kutoka sebuleni: "Nimwambie mama, au utasema wewe?"

"Nitasema mimi."

Aliingia sebuleni, akapiga magoti mbele ya Bi Semeni, mama yake Hamdani, mjane anayeuza mawese sokoni Ujiji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Mama, naomba pilau msile. Mbuzi hakuchinjwa inavyowapasa ninyi. Nimejua sasa hivi. Na haikuwa bahati mbaya, mama, ni sisi."

"Ni nani aliyefanya?" Mjomba wake Hamdani aliuliza.

"Ni nyumba yetu, mjomba."

Mjomba alisimama. "Basi tumeitwa hapa kulishwa haramu! Inukeni twende zetu!"

Mzee Anatoli alikuwa amekunja uso kama mtu aliyepigwa kofi mbele ya watu. Aliita mara moja tu, "Gervasi!" na mdogo wake akatokea mlangoni.

"Ni mimi, kaka. Niliona wanatudharau."

Winfrida alifumba macho. Alijua yamekwisha.

"Kaka yangu, keti," Bi Semeni alimwambia mjomba, taratibu. Kisha akamgeukia Gervasi. "Baba, mkono wako si mchafu. Ukinipa maji kwa mkono huo nitakunywa. Sisi tuna jina la Mungu linalotajwa na mtu wetu kisu kinapopita, basi. Ndivyo tulivyopewa, hatuna ruhusa ya kupunguza."

Gervasi alikuwa amejiandaa kutukanwa, siyo kuitwa baba.

"Mama Winfrida," Bi Semeni aliendelea, "humu ndani hamna dagaa?"

Honorata alishtuka. "Dagaa? Mama, siwezi kuwapa wageni wa posa dagaa!"

"Mimi mtoto wa Ujiji, dagaa ndio walionilea. Una sufuria ambayo haijaguswa?"

"Ipo mpya, hata moto haijaonja."

"Nionyeshe jiko."

Akavua buibui lake jipya, akajifunga kanga ya Honorata, akaketi kwenye kigoda kuchambua dagaa. Honorata akaketi upande wa pili wa ungo. Winfrida alisimama mlangoni, hata kusogea hakuweza. Kwa muda wote wa miaka miwili alikuwa akimwogopa mwanamke huyu asiyemjua, na sasa alikuwa jikoni kwao, akibishana na mama yake kama mawese yamepata moto wa kutosha.

Hamdani alimfuata, akasimama hatua moja nyuma yake.

"Ungenyamaza nisingejua kamwe," alinong'ona.

"Ungekula?"

"Ningekula, na ningekushukuru."

"Hilo ndilo lililonishinda, Hamdani. Ushukuru, na mimi nikutazame."

Hamdani aliinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake yalikuwa yamelowa, wala hakuyaficha.

Ugali na dagaa vilipotengwa, Winfrida alichukua jagi na beseni kuwanawisha wageni. Baba yake akampokonya.

"Niachie."

Mzee Anatoli, ambaye hata chai yake humiminiwa, alipita mgeni kwa mgeni akimimina maji. Alipofika kwa Bi Semeni alishuka kwa shida, goti moja likagusa mkeka.

"Baba Winfrida!" Bi Semeni alirudisha mikono nyuma. "Wewe ndiye mwenye nyumba!"

"Ndiyo maana," Anatoli alijibu. "Ni nyumba yangu iliyowakosea. Nipe mikono, mama."

Bi Semeni alinyoosha mikono polepole, maji yakamwagika juu yake. Winfrida hakuwahi kumwona baba yake akimpigia goti mtu yeyote nje ya kanisa. Kule mlangoni, Gervasi alikuwa analia kimyakimya.

"Bismillahi," Bi Semeni alisema, akamega tonge. Hata mjomba alikula, akaomba kuongezewa dagaa mara mbili.

Baada ya kula, Anatoli alikohoa.

"Mlikuja na neno. Lisemeni."

"Tunamwomba Winfrida awe mke wa Hamdani," alisema Bi Semeni.

"Nina jambo moja. Mwanangu haachi dini yake."

"Baba, huyu alikuwa radhi kumpoteza mume ili dini yangu isivunjwe. Mimi nitamnyang'anyaje ya kwake?"

Anatoli alimtazama binti yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Winfrida, umesikia. Unasemaje?"

Alitaka kujibu vizuri, kwa heshima, kama alivyofundishwa na mama yake wiki nzima. Badala yake alitikisa kichwa kukubali, mara moja, mara mbili, machozi yakimdondokea kwenye kanga, na kabla hajamaliza Honorata na Bi Semeni walikuwa wameshapiga vigelegele kwa pamoja.