Ukurasa Usiokuwemo

Kila asubuhi, kabla mwalimu hajaingia, darasa la sita lilikuwa na mchezo wake. Msichana mpole wa dawati la nyuma akitokea tu mlangoni, msichana wa dawati la mbele aliinuka, akanyoosha kidole kana kwamba anafuata mstari, kisha akakokota sauti: "Ma... maa... ma-ji!" Darasa likaangua kicheko. Yule wa nyuma alikuwa akisoma polepole, kidole chini ya kila neno, na kwa sababu hiyo wa mbele alimbandika jina la Konokono. Likamganda.

Wa mbele yeye walimwita Kasuku. Akisimama kusoma, maneno yalimtoka mfululizo, na walimu walimtaja kama mfano. Lakini jamani, mambo mengine yaone hivyohivyo tu! Kasuku hakujua kusoma. Herufi alizijua, na maneno mafupi aliyaunga kwa taabu, lakini sentensi ndefu ilimtia kizunguzungu. Tangu darasa la kwanza, walipokuwa wakisoma wote kwa pamoja kama wimbo, yeye alisoma kwa masikio. Siku hizi kaka yake alikuwa na simu, na humo kulikuwa na mtu aliyezisoma na kuzirekodi hadithi zote za kitabu chao. Kila jioni Kasuku aliosha vyombo huku simu inazungumza dirishani, mpaka hadithi imuingie kichwani yote.

Na kwa kuwa aliishi kwa hofu ya kugunduliwa, alihakikisha macho ya darasa yanabaki kwa Konokono.

Muhula ulipofika katikati, mwalimu mkuu alikuja na tangazo. "Siku ya kufunga shule, kila mmoja atasoma mbele yangu. Asiyeweza atarudi darasa la nne. Sitanii."

Kasuku aligeuka nyuma. "Konokono, utusalimie wadogo zetu huko."

Wiki iliyofuata walikuwa na hadithi ya mwokaji mikate na binti yake. Kasuku alikuwa amesahau kitabu nyumbani, basi mwalimu wa darasa akamwazima cha Konokono. Kasuku akasimama, akasoma kama kawaida yake. Binti wa mwokaji akashika kishikio cha mlango wa tanuri, akaufungua, na ndani akamkuta paka amelala na watoto wake wanne juu ya majivu ya jana.

Konokono akanyoosha mkono. "Mwalimu, hayo anayosoma hayamo."

"Hayamo vipi?"

"Kitabu ni changu. Karatasi hiyo ilichanwa kabla sijapewa. Mwaka mzima nimetamani kujua binti aliona nini tanurini. Leo ndiyo nasikia."

Mwalimu akakichukua kitabu, akakitazama. Ukurasa wa thelathini na mbili ulifuatwa na wa thelathini na tano. Akafungua mahali pengine, kwenye maelezo ya zoezi ambayo hakuna aliyewahi kuyarekodi. "Soma hapa."

"A... ali... alipo..." Kasuku alitokwa jasho. "Alipoku..."

"Kasuku kanyonyoka!" mtu akapiga kelele, na darasa likapasuka. "Ma... maa... ma-ji!" waliitikia pamoja, vidole juu. Konokono naye alicheka, tena kwa moyo wote, na nani angemlaumu?

Jioni ile Kasuku alimwambia bibi yake kwamba shule basi, harudi tena. Bibi alikuwa akichambua maharage. Aliisikiliza habari yote, ya simu na ya Konokono, bila kuinua kichwa. Mwisho akafuta mikono.

"Lete kitabu."

Akakipokea, akakigeuza juu chini, akaanza kusoma vizuri kabisa. Kasuku alisahau machozi yake.

"Bibi, umekishika kichwa chini!"

"Ndivyo nilivyojifunza. Kitabu kilikuwa kimoja, tumekizunguka mezani kama kuku kwenye punje. Wakubwa walikaa upande wa mwalimu, mimi mdogo nikasukumwa ng'ambo. Kila herufi nimeijua ikiwa miguu juu. Siku nilipopewa kitabu changu mwenyewe nikakigeuza, walinicheka mpaka nikajikojolea mbele yao."

"Ukafanyaje?"

"Nikafua sketi, kesho yake nikarudi." Akamrudishia kitabu. "Sasa wewe, mwenye kitabu kizima kinachokutazama usoni, unalia nini? Nani darasani kwenu anasoma kila neno?"

Kasuku alisita. "Konokono."

"Basi mfuate."

"Lakini Bibi, nimemtesa sana."

"Nimesikia. Nimekwambia umfuate, sikukwambia itakuwa tamu."

Haikuwa tamu. Wakati wa mapumziko Kasuku alimkuta Konokono kwenye ngazi za darasa, akamwomba msamaha na msaada kwa pumzi moja. Konokono alimtazama tangu utosini hadi miguuni.

"Sijakusamehe," alisema. "Kaa. Soma."

Ukali wake ulikuwa wa kimya. Kasuku alipokisia neno, Konokono alikifunga kitabu. "Umebuni. Rudi mwanzo wa sentensi." Alipolia, alimngoja amalize, kisha akasema, "Rudi." Waliopita waliwazomea: "Konokono wawili hao!" Siku nyingi Kasuku alitamani ardhi immeze.

Kisha Konokono akaleta kitabu ambacho simu haikukijua, kisa cha mtu aliyepotea msituni na mbuzi wake. Kasuku akasoma kwa kidole, neno kwa neno, na hakuna aliyempa jibu. Mtu yule alipofika kwenye pango na kusikia kitu kinapumua ndani, kengele ya kurudi darasani ikalia. Kasuku hakuweza kukiacha kitabu. Alikwenda darasani akisoma, akajigonga nguzo ya baraza, akaendelea kusoma huku akisugua paji la uso. Tangu azaliwe hakuwahi kujua raha hiyo, ya kwenda asikojua na kujipeleka mwenyewe.

Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu alikuja na gazeti la asubuhi ileile, ili asiwepo wa kukariri. Konokono alisoma polepole, bila kosa hata moja. Zamu ya Kasuku ilipofika, kunong'ona kulianza kabla hajafungua mdomo. Akasoma sentensi ya kwanza, ya pili. Ya tatu ikamkwamisha.

"Mlinzi alifunga lango... barabara," alisema, akilitamka neno kama njia ya kupita magari.

"Lango la barabara!" walicheka. "Rudi darasa la nne!" Mwalimu mkuu akainua kalamu.

Kasuku akarudisha kidole mwanzo wa sentensi, mbele ya watu wote. Mlinzi. Alifunga. Lango. Alifungaje? Akatabasamu kidogo. Akasoma upya, safari hii akikaza silabi ya pili: lango lilifungwa barabara, likafungwa sawasawa, asipite mtu. Kalamu ikashuka.

"Utabaki darasani kwako," alisema mwalimu mkuu. Kisha akalitazama darasa mpaka kila mtu akanyamaza. "Mwalimu wenu amenieleza yote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu angesema mapema kwamba hajui, angefundishwa mapema. Kutojua kusoma si aibu, ndiyo maana kuna shule. Aibu ni kumtupa mwenzako mbele ya watu ili wewe usionekane. Na ninyi mliocheka naye, kisha mkamcheka yeye, msijione wema."

Akamgeukia Kasuku. "Kusoma umefaulu. Hilo la pili bado. Huyu aliyekufundisha anaitwa nani?"

Darasa likangoja. Kasuku alilijua jina lile, liliitwa kila asubuhi wakati wa mahudhurio. Lakini halijawahi kutoka mdomoni mwake. Akamgeukia msichana wa dawati la nyuma, akamwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, lote, kwa sauti ya kusikika.

Yule msichana alimtazama tangu utosini hadi miguuni.

"Abee," akaitika.