Pisha, Shangazi!

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Rahabu alisimama kwenye mlango wa zizi la ndama. Baba yake, Mzee Ezekieli, alikuwa akikamua. Kazi ya Rahabu ilikuwa kumtoa ndama mmoja anyonye kidogo, ili ng'ombe mama yake ashushe maziwa, na kuwazuia wale wengine wasitoke. Ndama ana hila. Hutikisa kichwa kushoto, halafu akachomoka kulia. Lakini Rahabu, ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili tu, alikwisha kuigundua hila hiyo: kichwa hudanganya, miguu haidanganyi. Akawa anatazama miguu, na ndama waliofanikiwa kumpita walikuwa wachache mno.

Ndiyo maana mwaka ule wa 1946, Mwalimu Yeremia alipowapa wasichana wa kijiji cha Kinyangiri mpira wa ngozi ambao wavulana walikuwa wameuchoka, hakuhangaika kutafuta beki. Rahabu alisimama mbele ya goli, peku kama wenzake wote. Washambuliaji walitikisa vichwa na mabega mpaka wakachoka wenyewe. Yeye macho yake yalikuwa chini, na mpira aliuchukua.

Golikipa alikuwa Luciana. Huyu alikuwa mdogo wake wa mwisho Mzee Ezekieli. Kwa hiyo, ingawa alimzidi Rahabu miaka michache tu na walilala chumba kimoja, alikuwa shangazi yake. Kila asubuhi Rahabu alimwamkia shikamoo, na akitumwa naye alikwenda mbio. Kumwambia "sogea" au "toka" lilikuwa jambo ambalo hata halikumjia kichwani.

Wazee hawakuupenda mpira ule. Walisema wasichana watarudi nyumbani wakiwa na miguu migumu na midomo mirefu. Mzee Ezekieli aliruhusu kwa shingo upande.

"Chezeni," alisema. "Lakini nikisikia mmoja wenu amekosa adabu uwanjani, au ameumia, mpira umekwisha."

Rahabu aliyashika maneno hayo. Aliupenda mpira kuliko kitu chochote, na hakutaka kuupoteza kwa kosa lake.

Baada ya mavuno, wasichana wa kijiji cha Mtinko walikuja kucheza. Walifika wamebanana juu ya magunia ya chumvi, kwenye lori la Bwana Prabhudas, mwenye duka wa mjini Singida, aliyekuwa akija kununua karanga. Mechi ilikuwa ngumu. Karibu na mwisho, hakuna aliyekuwa amefunga.

Kisha mpira ukapigwa juu kuelekea goli la Kinyangiri. Rahabu aliuona vizuri kabisa, ulikuwa wake. Luciana naye akatoka golini mikono juu, macho angani. Lilihitajika neno moja tu. Neno hilo lilifika kooni kwa Rahabu likakwama. Amwambie shangazi yake "pisha" mbele ya baba na wazee wote? Akanyamaza. Kichwa chake kikagonga mdomo wa Luciana, wote wawili wakaanguka chini, na msichana mmoja mrefu wa Mtinko akausindikiza mpira golini bila haraka.

Luciana aliinuka na damu mdomoni. Jino lake la mbele lilikuwa limevunjika.

"Golikipa gani huyu anayerukia watu?" walisema watazamaji.

Rahabu aliyasikia. Akanyamaza tena.

Jioni ile Mzee Ezekieli hakusema mengi. "Niliwaambia. Mpira umekwisha." Luciana hakujitetea. Alikunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo, kwa sababu ugali ulimuuma. Rahabu alimtazama, na chakula chake mwenyewe kikamshinda.

Asubuhi walikuwa zizini kama kawaida. Mzee Ezekieli alichuchumaa akikamua, kibuyu kikiwa katikati ya magoti. Ghafla fahali mweusi akaja kwa nyuma yake, kichwa chini.

"Baba, pisha!" Rahabu alipiga kelele.

Mzee akaruka. Kibuyu kikapinduka, maziwa yakamwagika, na pembe ikapita pale alipokuwa. Alimfukuza yule fahali kwa fimbo, kisha akamgeukia binti yake huku akihema.

"Nisamehe, baba," Rahabu alisema. "Nimekuamrisha."

"Unaomba msamaha wa nini? Ungenyamaza, saa hizi pembe ingekuwa mbavuni mwangu!"

Hapo Rahabu akaangua kilio. "Jana nilinyamaza, baba. Niliuona mpira, nikamwona na shangazi anakuja. Niliogopa kumwamrisha mbele yenu. Kosa si lake. Jino lake nimelivunja mimi."

Mzee Ezekieli aliokota kibuyu, akakifuta mchanga taratibu.

"Na watu walipomsema?"

"Nilinyamaza tena."

"Basi hilo la pili ndilo baya zaidi. La kwanza ulidhani ni adabu. La pili ulijua ukweli ukaufunika. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Luciana alikuwa anasaga mtama. Alisikiliza mpaka mwisho, midomo yake imevimba.

"Mjinga wewe!" alisema. "Ningekuwa na jino langu!" Kisha akacheka, ingawa kucheka kulimuuma. "Sikiliza. Nyumbani mimi ni shangazi yako, utaniamkia mpaka nizeeke. Golini mimi ni golikipa. Ukiona hatari, nipigie kelele."

Mzee Ezekieli alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Haya, chezeni," alisema. "Ila wewe Rahabu, sauti yako niisikie nikiwa huku zizini."

Aliisikia, tena kwa miaka mingi. Wasichana walimaliza shule, wakaendelea kukutana uwanjani kila baada ya mavuno. Luciana aliolewa, magolikipa wengine wakaja, na Rahabu akabaki pale pale mbele ya goli. Watu wakamwita Lango. Aliolewa na Simeoni, fundi mwashi. Mama mkwe wake alinuna sana kusikia kwamba mkamwana anacheza mpira. Lakini alipozaliwa Isaka, bibi huyohuyo ndiye aliyembeba mtoto pembeni ya uwanja huku akimgombeza refa.

Mwaka wa 1960, Mtinko walikuja tena. Safari hii Rahabu, ambaye sasa wote walimwita Mama Isaka, alicheza pamoja na beki mpya, Dina. Dina alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa mwepesi, lakini mazoezini alinong'ona tu.

"Dina, uwanjani sitaki minong'ono," Rahabu alimwambia mara nyingi. Dina aliitikia kwa sauti ambayo haikusikika.

Kinyangiri walikuwa wanaongoza kwa bao moja mpira mrefu ulipopigwa. Rahabu aliuona, akageuka, na miguu ikachelewa. Nyuma yake ikatoka sauti iliyosikika uwanja mzima:

"Mama Isaka, pisha!"

Rahabu alipisha. Dina akaupiga mpira nje kwa nguvu zake zote, na muda mfupi baadaye refa akapuliza filimbi ya mwisho.

Ilimuuma Rahabu kidogo. Mpira kama ule, zamani hakuna ambaye angeugusa kabla yake. Kisha furaha ikamjaa, akaona hana la kusikitikia. Pembeni, Shangazi Luciana alikuwa anacheka mdomo wazi, pengo lake likionekana.

Dina alimfuata. "Nisamehe, mama. Nimekupigia kelele."

"Usingepiga kelele, sasa hivi tungekuwa tunaokota meno," Rahabu alisema. Aliwaita wasichana wote karibu. "Leo nimecheza mara ya mwisho. Beki mnaye. Nawaachia neno moja: ukiiona hatari, mpigie kelele anayeiendea, awe mkubwa awe mdogo. Na ukikosea, sema umekosea kabla mwenzako hajabebeshwa lawama. Kumnyamazia mkubwa aumie si kumheshimu."

"Na kesho, mama, nikikukuta kisimani?" Dina aliuliza.

"Kesho utaniamkia vizuri, kama mtoto mwenye adabu."

Dina hakungoja kesho. Alipiga goti palepale uwanjani.

"Shikamoo, Mama Isaka."

"Marahaba, beki."