Mashine Iliyopimwa kwa Buti ya Gari

Mambo yaliharibika Jumanne, saa nne asubuhi, siku ya tatu tangu mkereza aletewe mashine mpya.

Mkereza, fundi wa kuchonga mti unaozungushwa na mashine, alikuwa mgane. Yeye na binti yake waliishi kwa kuuza mabakuli mapana ya mti aliyoyakereza. Mashine yake ya zamani ilikuwa kubwa na nzito kama ng'ombe aliyelala. Wakubwa wa chama cha mafundi waliiondoa, wakawagawia wakereza mpya, ndogo, zinazong'aa. Mwenyekiti alisema mashine ni mashine. Watu wakapiga makofi.

Jumanne hiyo mkereza alifunga gogo pana, akawasha. Mashine ilitetemeka kama mwenye homa, ikatembea mezani. Kabla hajaizima, gogo lilichomoka, likamvunja kifundo cha mkono wa kulia.

Jirani yao, bibi aliyekereza miaka thelathini, alikuja kumpa pole. Aliisukuma mashine kwa kidole kimoja. Ikasogea.

"Waliokuchagulia hii, mwanangu, walikuuliza unakereza nini?"

Binti akajibu, "Waliuliza kama itaingia kwenye buti ya gari lao, bibi."

Bibi alicheka, kicheko kikaishia njiani.

"Ndogo si mbaya," alisema. "Ni ya vitu vyembamba. Mpini unataka kasi. Gogo pana linataka mashine nzito, iende polepole. Anza na kazi, ndipo uchague mashine. Pima toka katikati ya mhimili unaozungusha gogo mpaka kitako cha mashine chini yake, zidisha mara mbili. Gogo lisifike upana huo. Hata likiingia, kama ni zito litaishinda mashine nguvu."

Binti aliifunga mashine kwa bolti kwenye meza nzito. Bibi akamfundisha, akamvisha na kinga ya uso. Sasa binti anakereza mipini ya patasi, laini kama yai, na mashine haitikisiki. Chungu kinapanda jikoni.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mfupa uliunga vibaya. Baba hukaa mlangoni, vidole havifungi.

"Mkono huu sasa ni wa kupungia watu tu, mama," humwambia binti yake.

Jana binti alikwenda ofisi ya chama. Mashine kama ile walipewa wakereza kumi na wawili. Mwenyekiti alikuwa anasaini makaratasi, hakuinua kichwa. Binti aliuliza mara moja, akasimama pale mpaka mlinzi akaja na funguo:

"Wale kumi na mmoja waliobaki, nani amewaambia?"